Amani ya uzeeni haiko mlimani, iko kwa jirani

Tunapozungumzia wahamaji tunawafikiria vijana wanaotafuta kazi au wakimbizi wanaokimbia vita. Leo nawaalika tutafakari uhamaji wa aina nyingine. Ni wa wazee wa Marekani wanaostaafu, wanaouza nyumba zao katika majimbo ya pwani kama California na kwenda kumalizia maisha katika majimbo ya milimani yenye watu wachache na siasa za kihafidhina: Idaho, Montana na Wyoming.

Hesabu ya sensa inaonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Mwaka 2010 Idaho ilikuwa na watu 1,567,582. Mwaka 2020 walikuwa 1,839,106, ongezeko la asilimia 17 na zaidi, na ni Utah pekee iliyoipita kwa kasi hiyo. Montana ilirudishiwa kiti cha pili katika Baraza la Wawakilishi, kiti ilichokuwa imekipoteza kwa miaka thelathini. California nayo, kwa mara ya kwanza katika historia yake, ilipunguziwa kiti. Si wahamaji wote ni wazee, lakini wastaafu ni sehemu kubwa ya habari hii.

Sababu za kawaida zinaeleweka. Anayeuza nyumba ndogo karibu na Los Angeles huweza kununua nyumba kubwa yenye shamba huko milimani na bado akabaki na akiba. Wyoming haitozi kodi ya mapato ya jimbo, na Montana haina kodi ya jumla ya mauzo. Hewa ni safi, mito ina samaki, foleni hakuna.

Lakini iko sababu nyingine, na hiyo ndiyo inayotuhusu leo. Wengi wanahama ili wakaishi na watu wanaofikiri kama wao, wanaopiga kura kama wao na kusali kama wao. Mwaka 2008 mwandishi Bill Bishop alitoa kitabu kilichoeleza jinsi Wamarekani wanavyojigawa taratibu, kila mmoja akijisogeza kwa wenzake wa aina yake. Mwaka 2011 mwandishi mwingine, James Wesley Rawles, aliwaita waamini wenye msimamo wa kihafidhina wahamie Idaho, Montana, Wyoming na sehemu za mashariki za Oregon na Washington, akilitaja eneo hilo kama ngome. Leo wapo hata madalali wa nyumba wanaowatangazia wateja siasa za majirani kama wanavyotangaza idadi ya vyumba.

Tusiwacheke wazee hawa. Mtu aliyefanya kazi miaka arobaini ana haki ya kupumzika. Mzazi anayeona mambo anayoyaheshimu yakidharauliwa mjini kwake ana haki ya kuumia. Na kupenda kusali pamoja na wenye imani moja si kosa. Nasi tuna jumuiya zetu ndogondogo. Swali ni hili: je, mtu akishawaacha nyuma wote wasiofanana naye, amani anayoipata ni ile aliyoiahidi Kristo?

Maandiko Matakatifu yana mtu aliyewahi kukimbilia mlimani. Katika kitabu cha Mwanzo sura ya 13, Abrahamu alimpa Lutu nafasi ya kuchagua mahali pa kukaa. Lutu akaliangalia bonde la Yordani, akaona lina maji mengi, akalichagua bila kuuliza habari za watu wake. Sura ya 19 inatuonyesha mwisho wake. Baada ya Sodoma kuteketea anaogopa hata kukaa Soari, mji mdogo aliouomba mwenyewe, anapanda mlimani na kuishi pangoni na binti zake wawili. Sasa hakuna tena Msodoma wa kumsumbua. Lakini aibu iliyotokea pangoni haikuletwa na mgeni yeyote. Waliingia nayo wenyewe.

Somo ni kwamba dhambi haibaki upande wa pili wa mpaka wa jimbo. Inasafiri na mizigo yetu.

Idaho yenyewe inajua hilo. Katika miaka ya 1970 alihamia huko kutoka California mtu aliyewahi kuwa mhandisi wa ndege, Richard Butler. Alinunua shamba karibu na Hayden Lake, akajenga na kanisa lake, akihubiri kwamba Mungu ni wa watu weupe tu. Kundi lake, Aryan Nations, lilitaka milima hiyo iwe makao ya weupe peke yao. Waliosimama kumpinga walikuwa wenyeji wa palepale, na mmoja wa viongozi wao alikuwa Bill Wassmuth, wakati huo paroko wa Kikatoliki katika mji wa Coeur d'Alene. Septemba 1986 bomu lililipuka nyumbani kwake, naye yumo ndani. Alinusurika na hakunyamaza. Mwaka 2000 kundi lile liliamriwa na mahakama kulipa fidia ya dola milioni 6.3 kwa mama na mwanawe walioshambuliwa na walinzi wake, na shamba likawatoka mikononi.

Nieleweke vizuri. Wastaafu wanaohamia huko leo si wafuasi wa Butler, na kuwafananisha naye ni kuwasingizia. Ninachosema ni kwamba wenyeji wa Idaho walishaonyesha kuwa mtu anaweza kuwa mhafidhina, mkulima, mtu wa kanisani, na bado akakataa mlima wake ugeuzwe ngome ya kuwafungia wengine nje.

Halafu tuwafikirie hao wenyeji. Mgeni mwenye fedha za California anapofika, bei za nyumba hupanda. Fundi, mwalimu na muuguzi waliozaliwa pale wanashindwa kununua nyumba katika mji wa wazazi wao. Machi 2023 hospitali ya Sandpoint, kaskazini mwa Idaho, ilitangaza kufunga huduma za uzazi. Ilitaja sababu kadhaa: watoto wanaozaliwa wamepungua, madaktari wa watoto hawapatikani, na madaktari wanaondoka kwa sababu ya sheria mpya zinazowatisha kwa adhabu za jinai. Sisi Wakatoliki tunautetea uhai tangu kutungwa mimba, na hatuoni haya kusema hivyo. Lakini kuutetea uhai ni pamoja na kujali kwamba mama mwenye uchungu hasafirishwi kilomita zipatazo 70 hadi Coeur d'Alene, wakati wa theluji, kutafuta pa kujifungulia. Mji unaovutia wazee kutoka mbali huku ukikosa mahali pa kuzalia watoto unapaswa kujiuliza maswali.

Na Mungu hana ngome. Katika milima hiyohiyo leo kinasikika Kiswahili. Boise, mji mkuu wa Idaho, umepokea wakimbizi kwa miongo kadhaa, wakiwemo ndugu zetu Wakongomani. Huko Missoula, Montana, kikundi cha akina mama waliokuwa wakisoma vitabu pamoja waliguswa na picha ya mtoto wa Kisiria aliyekufa maji mwaka 2015, wakaanza kuuliza kwa nini mji wao haupokei wakimbizi. Mwaka uliofuata familia ya kwanza iliwasili, nayo ilitoka Kongo. Kwa hiyo mstaafu aliyehama ili aishi na watu kama yeye anaweza kumkuta kanisani mama wa Kivu, wote wawili wageni, wote wawili wakitafuta amani. Wakipeana amani ya Kristo katika Misa Takatifu, mmoja wao atakuwa amefika kweli mahali alipokuwa akienda.

Sisi huku tusidhani habari hii ni ya Wamarekani tu. Mtumishi wa umma kwetu hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, na wengi hurudi Rombo, Lushoto au Makete. Wanarudi kwa ndugu zao, hilo ni jema. Lakini wapo wanaorudi na mafao yao, wakajenga ukuta mrefu, wakaweka geti na mbwa, na jumuiya ikisali nyumba ya tatu hawaonekani mpaka siku wanapohitaji kuzikwa. Huyo naye amehamia ngome, ingawa yuko kijijini kwa baba yake.

Injili ya Luka sura ya 2 inatupa wazee wa namna nyingine. Simeoni na Ana, mjane wa miaka 84, walikutwa hekaluni, mahali panapopita kila mtu: tajiri, maskini, mgeni na mwenyeji. Kwa sababu walikuwa pale, walimwona Mtoto alipoletwa na wazazi maskini wasiowafahamu. Wangekuwa wamejifungia na wenzao, wangempokea nani?

Basi wewe unayekaribia kustaafu, kabla hujanunua kiwanja jiulize maneno matatu. Nitawapelekea nini watu nitakaowakuta huko? Nani ataumia kwa kuja kwangu? Na je, getini kwangu atapita mtu nisiyefanana naye? Ukiweza kuyajibu mbele ya Mungu bila kigugumizi, nenda kwa amani, iwe mlimani au bondeni.