MAMBO YA NYUMBANI: Mguu Usiokuwapo

Mwezi huu twapenda kunena habari za mtu aliyerudi vitani na mguu mmoja, maana watu wa namna hiyo pwani yetu yawajua tangu zamani. Novemba 1914 vita vilipiganwa katika mji wa Tanga wenyewe. Jeshi la Waingereza lipatalo watu 8,000, wengi wao Wahindi, likashindwa na askari wa Wajerumani kama 1,000, na majeruhi wakawa mamia. Tena katika 1978 na 1979 vijana wetu walikwenda Kagera kupigana na majeshi ya Idi Amin, na baadhi yao hawakurudi wazima.

Twamjua mzee mmoja wa upande wa Pangani aliyekatwa mguu chini ya goti katika vita hivyo vya Kagera. Kazi yake ilikuwa kutengeneza nyavu, naye alizoea kuukaza wavu kwa kidole gumba cha mguu. Alipokikosa kidole, alipigilia msumari katika nguzo ya baraza, akautundika wavu hapo, akaendelea. Hilo halikumshinda. Lililomshinda ni usiku: mguu usiokuwapo ulimwasha na kumchoma, hata akamwomba mkewe amkune mahali pasipo na kitu. Majirani wakasema ya kuwa mguu ulizikwa vibaya, au kwamba amefanyiwa jambo. Mbuzi wawili wakaenda kwa mganga, na maumivu yakabaki palepale.

Basi, walimu, waambieni watu kweli ya jambo hili. Maumivu hayo si uongo wala si uchawi. Mishipa ya fahamu iliyokatwa ingali katika kigutu, na ubongo haujausahau mguu wake. Daktari Silas Weir Mitchell aliyaona kwa askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865), akayaandika. Katika miaka ya 1990 mtaalamu Ramachandran alionyesha msaada ulio mwepesi ajabu, yaani kioo. Husimamishwa katikati ya miguu. Mgonjwa huuchezesha mguu mzima polepole huku akiutazama kiooni, akajiona kana kwamba anayo miwili. Wengine hupata nafuu, ingawa si wote.

Nanyi akina mama, kigutu kioshwe kila siku kwa sabuni, kikaushwe vema, kitazamwe kama kina kidonda, kwa sababu ya jasho la pwani. Mto usiwekwe chini ya goti, hata mgonjwa akiuomba kwa machozi. Goti likizoea kukunjika, mguu wa bandia hautakaa sawa. Mafundi wa miguu hiyo hufundishwa KCMC, Moshi, katika chuo kilichoanzishwa 1981.

Mzee wetu anao mmoja. Akikaa kutengeneza nyavu huuvua. Asema wamzuia kazi.