Baba wa Kukodi

Msomaji, ukitoka Chakol kwenda Busia au Malaba utawasikia watu wakisema kwamba kitambulisho ni karatasi tu, na mwenye kuighushi hamdhuru mtu. Neno hilo nalikataa.

Mghushi wa zamani alibandua picha akabandika nyingine. Huyo leo hutambulika upesi. Chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti mna mistari miwili, kila mmoja una alama 44, na baadhi ya tarakimu zake kazi yake ni kuzikagua nyingine: namba ya pasipoti huzidishwa kwa zamu na 7, 3 na 1, hujumlishwa, jumla ikagawanywa kwa 10, na baki lake sharti lilingane na tarakimu ifuatayo. Mwanafunzi aweza kuifanya hesabu hiyo kwa kalamu (herufi A huhesabiwa 10, B 11, na kuendelea). Tena pasipoti ambazo Kenya ilianza kutoa mwaka 2017 zimebeba picha ya pili ndani ya kidude cha elektroniki.

Kwa hiyo mwovu mwerevu haghushi tena hati, aghushi mtu. Hununua ushahidi wa mzee wa mtaa, huazima cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa wengine, na ofisi humpa hati safi isiyo na dosari. Mashine ikiulizwa itasema ni halali, wala haikukosea. Wanaotuahidi mashine mpya kila mwaka wanapiga kivuli.

Nani hulipa? Mwaka 1902 mpaka wa Uganda ulisogezwa magharibi, Wateso wakawa wa nchi mbili. Tangu 2014 Mkenya na Mganda huvuka kwa kitambulisho tu. Mteso wa hapa humzuru shangazi yake Tororo akarudi jioni. Lakini kila kiapo kilichouzwa humfanya afisa amshuku yeye, mzaliwa. Kijana huambiwa alete baba, kisha babu, kisha arudi mwezi ujao. Bila kitambulisho hapigi kura. Nao maafisa wanaomzungusha hivyo humpelekea mghushi wateja mlangoni.

Wapo wasemao umaskini ndio humtia mzee yule kalamu mkononi. Maskini wa hapa ni wengi, na walio wengi hawajauza sahihi zao.

Utakapotimiza miaka 18, huenda mtu akakunong'oneza nje ya ofisi kwamba kwa fedha kidogo atakupatia baba wa kukodi. Mwulize baba huyo amekwisha kuzaa wangapi mwaka huu.