Sheria ya Ardhi na Masikio ya Kaikor

Katika Sheria ya Ardhi ya Jamii iliyopitishwa mwaka 2016 mna kifungu kimoja kilichostahili kujadiliwa katika kila baraza la nchi hii. Kinasema kwamba jamii ikitaka kuandikishwa kuwa mwenye ardhi yake, msajili hana budi kuwaita watu wake mkutanoni kwa tangazo la gazeti lenye kuenea nchini na la redio yenye kusikika nchini kote. Mkutano huo ndio utakaochagua kamati ya watu saba hadi kumi na watano, na kamati hiyo ndiyo itakayosimamia ardhi ya watoto na wajukuu.

Maneno ni mazuri. Lakini hebu, msomaji wangu, yachukue maneno hayo uende nayo hadi Kaikor, kaskazini ya Turkana. Upite Lodwar, makao makuu ya kaunti, kisha uende mbele tena zaidi ya kilomita mia moja, ukaribie mipaka ya Sudan Kusini na Ethiopia, ambako Waturkana hupakana na Watoposa, Wanyangatom na Wadaasanachi. Huko mtu mwenye mifugo hakai mahali pamoja mwaka mzima. Huifuata mvua na majani. Gazeti la Nairobi litamfikia nani? Na tangazo la redio likisomwa mara mbili kwa Kiingereza cha mawakili, atakayelisikia ni nani, na atakayelifahamu ni nani?

Swali hili si dogo. Karibu ardhi yote ya Turkana ni ardhi ya jamii. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 63, yasema kwamba ardhi ya jamii ambayo haijaandikishwa huwekwa amana mikononi mwa serikali ya kaunti. Amana ni neno zito kwetu sisi Waislamu. Twajua hesabu yake duniani na akhera. Lakini mwenye mali asiyejua kwamba mali yake iko kwa mwingine, na kwa masharti gani, ataidai vipi?

Sisi watu wa Mwambao hatuna haja ya kuagua jambo hili, kwani tumekwisha kuliona. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya Pwani. Kila mwenye dai alitakiwa alipeleke mbele ya mwandishi wa hati. Ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa mali ya Serikali ya Mfalme wa Uingereza. Waliojua kusoma, waliokuwa na karatasi na waliojua njia ya kwenda kwa hakimu, walidai wakapata. Wengi hawakudai. Wengine habari haikuwafikia. Wengine, hasa ndugu zetu Wamijikenda, walimiliki kwa pamoja kwa mila, na sheria ile ilikuwa na macho ya kumwona mtu mmoja mmoja tu. Na tuseme kweli: baadhi ya waliofaidika walikuwa katika sisi. Matokeo yake ni neno “skwota”, neno ambalo mpaka leo lamwandama mtu aliyezaliwa mahali alipozikwa babu yake.

Basi nikiitazama Kaikor naiona Pwani ya 1908, ila kwa tofauti moja. Safari hii sheria yenyewe inakiri kwamba watu lazima waambiwe, tena kwa redio. Kinachobaki ni nani atakayewaambia, kwa lugha gani, na atawaambia nini zaidi ya tarehe ya mkutano.

Hapa ndipo ninapotaka kuwaita walimu wa sheria.

Kuna desturi, hapa duniani, ya vyuo vya sheria kutoka nje ya kuta zao na kuusomesha umma hewani. Huko Marekani, katika mji mdogo wa Andover, kuna Massachusetts School of Law, chuo kilichoanzishwa mwaka 1988 kwa ajili ya watu wasio na uwezo wa kulipa karo kubwa. Chuo hicho kilitengeneza vipindi vya televisheni ambamo mkuu wake, Lawrence Velvel, aliketi na waandishi wa vitabu wakazungumza juu ya historia, vita, mahakama na mambo ya siku zile. Hakikungoja mtu awe mwanafunzi wake ndipo asikie. Fikira yao ni nyepesi: sheria ni zao la historia, na mtu asiyeijua historia huiona sheria kama mvua ya mawe, yaanguka tu kutoka juu.

Wala hatuna haja ya kwenda Marekani kutafuta mfano. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, mwanachuoni wa sheria ambaye mwaka 1937 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliona kwamba elimu ikibaki msikitini na mahakamani peke yake haiwatoshi watu. Mwaka 1930 alianza kutoa karatasi aliyoiita Sahifa, na mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah. Humo alisema na watu kwa Kiswahili juu ya mambo yaliyokuwa yakiwapata: dini, elimu, mila za kigeni, na sababu za umma kurudi nyuma. Hakuwa na redio. Kalamu ndiyo iliyokuwa redio yake. Lakini kazi ni ile ile: mwenye elimu ya sheria kuitoka baraza yake ili kuwaeleza watu wakati wanaoishi.

Na jirani zetu wa Tanzania wametuonyesha namna ya kuwafikia watu wa mashambani. Mwaka 1971, nchi ilipotimiza miaka kumi ya Uhuru, Chuo cha Elimu ya Watu Wazima kiliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Wakati wa Furaha, juu ya historia ya nchi na yaliyofanywa tangu Uhuru. Mwaka 1973 ikafuata Mtu ni Afya, iliyowakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza. Siri yake haikuwa redio peke yake. Palikuwa na kitabu chepesi, palikuwa na kiongozi wa kikundi aliyefundishwa, palikuwa na kipindi cha redio kwa saa maalumu, na baada ya kipindi watu walibaki wakazungumza na kukata shauri: tuchimbe choo wapi, maji tuyachemshe vipi. Sauti ya redio ilikuwa mwanzo wa mazungumzo, haikuwa mwisho.

Nina neno moja la tahadhari juu ya mfano huo. Kampeni zile zilikuwa za dola, na dola hupenda kusikilizwa kuliko kuulizwa. Hii ndiyo sababu nataka kazi hii ishikwe na vyuo vya sheria wala si na ofisi za serikali peke yake. Mwalimu wa sheria amezoea kuulizwa. Kazi yake ni kusema: sheria yasema hivi, hoja ya huyu ni hii, na ya yule ni ile. Nairobi wana kitivo cha sheria tangu mwaka 1970, Moi kule Eldoret tangu 1994. Wanafunzi wao hutakiwa wajifunze kuwasaidia wanyonge. Hawatapata darasa bora kuliko kuandaa kipindi ambacho mzee wa Kaikor atakifahamu.

Mtu ataniuliza: historia ya nini? Si watu waambiwe sheria ya ardhi ikesha? La, haitoshi, na Turkana ni ushahidi wa maneno yangu.

Nchi hiyo haikuwa Kenya tangu zamani. Mpaka mwaka 1926 ilikuwa katika Uganda. Ikahamishiwa Kenya kwa mstari wa kalamu. Mwaka 1918 Waingereza walipeleka msafara mkubwa wa kijeshi kuwatiisha Waturkana na kuwanyang'anya silaha na mifugo. Kisha zikaja sheria za wilaya zilizofungwa, ile ya 1902 na ile ya 1934, ambazo kwazo mgeni hakuweza kuingia bila kibali. Sheria hizo hazikufutwa siku ya Uhuru. Zilifutwa mwaka 1997, miaka thelathini na minne baadaye. Mtu aliyelelewa chini ya sheria namna hiyo, ukimwambia leo “sheria imekuja kukulinda”, ana haki ya kukutazama kwa jicho la shaka. Ni mpaka umweleze njia ilikopita, ndipo atajua kilichobadilika na ambacho hakikubadilika.

Tena historia ya taifa lote imepita hapo karibu na Kaikor. Mzee Jomo Kenyatta na wenzake, baada ya kuhukumiwa Kapenguria mwaka 1953, walifungwa Lokitaung, huko huko kaskazini ya Turkana. Mzee akahamishiwa Lodwar mwaka 1959. Wakoloni walipachagua mahali hapo kwa kuwa palikuwa mbali na masikio. Na katika kesi ile ya Kapenguria, ugomvi mmoja mkubwa ulikuwa juu ya mkalimani: mawakili wa washtakiwa walimpinga Louis Leakey, naye akaacha kazi ya ukalimani. Mawakili wale walijua kwamba anayeshika ulimi wa mahakama ameshika nusu ya hukumu.

Naam, lugha. Sote tuliopita chuoni kwa mwalimu, na ubao na wino, tulisoma katika Sura ya Ibrahim kwamba mitume walisema na watu wao kwa ndimi za watu hao, ili mambo yawabainikie. Na katika Sura ya Israa tulisoma kwamba Mola haadhibu kabla ya kupeleka mjumbe. Kwanza kufikisha, kisha kuhesabu. Sheria za dunia hii zina kanuni nyingine: kutoijua sheria si udhuru. Sisemi kanuni hiyo ifutwe, maana bila yake kila mwizi angejifanya hakusoma. Nasema anayeitumia ana deni la kufikisha kwanza. Katiba yetu imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na ikaiagiza dola ikuze lugha za wenyeji. Basi kipindi cha Turkana kiwe kwa Kiturkana, na kwa Kiswahili kwa ajili ya walioko mjini na wakimbizi wa Kakuma na Kalobeyei wanaotoka mataifa mbalimbali.

Vyombo vya kusemea vipo. Lodwar kuna Radio Akicha. Kakuma kuna Ata Nayeche, redio iliyopewa jina la bibi ambaye masimulizi ya Waturkana yanamtaja kuwa ndiye mama wa kabila, aliyekutwa akichuma matunda ya mwitu na vijana waliokuwa wakimtafuta ng'ombe wao aliyepotea. Ni jina jema kwa redio: historia ya watu wale ilianza kwa mazungumzo baina ya wageni. Lakini mawimbi ya FM huenda kama mtazamo wa jicho. Mlima ukikingama, sauti hukatika. Kwa hivyo pale yasipofika, kipindi kirekodiwe kiingie katika simu, nayo ipelekwe chini ya ule mti ambapo wazee hukaa kuamua mambo. Mti ule ni baraza kama zetu. Kiongozi wa kikundi akicheze, watu wasikilize, wabishane, na maswali yao yarudishwe kwa walimu wa sheria yajibiwe hewani juma la pili.

Na wasiogope kuchekesha. Ni nani katika Kenya aliyefahamu mahakama kwa kusoma vitabu vya sheria? Wengi wetu tuliifahamu kwa Vioja Mahakamani, ile michezo ya tangu siku za Sauti ya Kenya, ambamo mshtakiwa mjanja hujitia ndani kwa ulimi wake mwenyewe. Mchekeshaji amemfundisha raia namna ya kusimama kizimbani. Haiwi mwalimu akashindwa.

Wako watakaosema kwamba mtu wa Kaikor, wakati wa ukame, anahitaji chakula na maji, si vipindi. Jawabu langu ni kwamba chakula cha msaada hutoka kwa mwenye kukupa, na haki hutoka kwako mwenyewe ukiijua. Mafuta yaligunduliwa Turkana mwaka 2012. Sheria ya Mafuta ya 2019 inaipa kaunti asilimia ishirini ya mapato ya serikali, na wenyeji wa mahali asilimia tano. Sheria ya Ardhi ya Jamii nayo inasema mapatano ya mwekezaji juu ya ardhi ya jamii lazima yakubaliwe na thuluthi mbili ya mkutano wa jamii. Asilimia tano na thuluthi mbili ni maji na chakula kwa aliyezisikia. Kwa ambaye hakuzisikia ni wino tu.

Mambo hayo yanatuhusu sisi pia. Mwezi wa Agosti 2019 shehena ya kwanza ya mafuta ya Turkana iliondoka katika bandari ya Mombasa, na mipango ya bandari ya Lamu ilichorwa pamoja na bomba la kutoka huko. Wavuvi wa Lamu walipokwenda Mahakama Kuu, hukumu ya mwaka 2018 iliwapa haki, na fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76 ikatajwa kwa wavuvi wapatao 4,600. Mojawapo ya hoja zilizokubaliwa ni kwamba watu hawakupewa habari za kutosha juu ya jambo lililowagusa. Wavuvi wale walishinda kwa kuwa waliijua haki yao ya kuambiwa. Bomba likienda upande mmoja hadi Turkana na upande wa pili hadi Lamu, elimu hii nayo haina budi kufika ncha zote mbili.

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, iliitaja Pwani na maeneo ya kaskazini kuwa miongoni mwa sehemu zilizosahauliwa na dola. Ripoti hiyo ina majuzuu kadhaa, na walio wengi katika hao inaowataja hawajasikia hata ukurasa mmoja. Nawaomba walimu wa sheria waanzie hapo. Wachukue sura zinazohusu ardhi, wazigeuze kuwa vipindi vya nusu saa, wazisome Lodwar kwa Kiturkana na Mombasa kwa Kiswahili, kabla msajili hajatoa tangazo lake. Maana tangazo likitangulia na elimu ikafuata nyuma, 1908 itakuwa imerudi, na safari hii hatutaweza kusema kwamba ni Mwingereza aliyetufanyia.