MBWA WA SHULE: NANI AMEMUHARIBU?



Tangu juma mbili neno ni moja tu, katika dortware, kwenye bomba la maji, hata kwenye mstari wa kungojea bugali: "Simba auawe." Sababu munaijua wote. Simba ameingia jikoni, amekamata makayabo juu ya meza, na wakati mdogo wetu mmoja alipotaka kumunyanganya, amemupasua pantalo tangu goti hata chini. Damu haikutoka. Lakini pantalo ile ni ya uniforme, na uniforme ni feza ya wazazi. Basi komite ya nidhamu itakutana siku ya posho, na wengi wanataka hukumu iwe tayari mbele ya mkutano.

Sisi wafinalisti, tulio na kazi ya kulinda nidhamu katika interna, tuko na neno letu na tunalisema hapa wazi. Simba ameharibika, ni kweli, na juu ya makayabo hatutamutetea. Lakini mbwa hajiharibu yeye mwenyewe. Anaharibiwa, na wenye kumuharibu ni wawili: yule mwenye mbwa, na yule anayeachiwa mbwa kusudi amuchunge. Mara nyingi wanamuharibu pamoja, kila mmoja kwa upande wake, kiisha kila mmoja anasema: "Ni mwenzangu."

Angalia kwanza namna mbwa anavyojifunza. Katika somo la biolojia tumesikia habari za Ivan Pavlov, yule mwenye elimu wa Urusi aliyepata zawadi ya Nobel mwaka 1904 juu ya kazi yake ya kuchunguza namna tumbo linavyosaga chakula. Pavlov aliona kama mate ya mbwa yanatoka mbele ya chakula kufika, kwa kusikia tu hatua za mtu aliyezoea kuleta sahani. Mbwa hakufundishwa na mtu neno hilo. Amelishika yeye mwenyewe, maana kila siku hatua zile na chakula kile vilikuja pamoja. Sasa fikirini juu ya Simba. Kila siku saa ya mangaribi anasikia nini? Viti vya refektwari vinavutwa, sahani zinagongana, dirisha la upande wa jiko linafunguliwa, na donge la bugali linaanguka nje. Nani ni mwalimu wa Simba hapo? Mbwa amesoma vizuri kuliko wengi katika kalasi zetu.

Wengine watasema: "Lakini si kila siku. Mara nyingi tunamufukuza. Ni siku moja moja tu njo mutu anamutupia." Wandugu, hapo njo pahali pa mambo yenyewe, na tunapenda mutulie kidogo juu yake.

Mwamerika mmoja, B. F. Skinner, alifanya kazi miaka mingi na panya na njiwa. Nyama hawa walipiga kidude fulani na chakula kikaanguka. Wale waliopewa chakula kila mara walipopiga, siku chakula kilipokatika, walipiga kidogo tu kiisha wakaacha. Lakini wale waliopewa mara moja moja, bila kujua ni lini, hawakuacha upesi. Waliendelea kupiga wakati murefu sana, maana kwao kukosa si habari mpya. Wamezoea kukosa, na wanajua kama nyuma ya kukosa kuko kupata. Mwaka 1957 Skinner na mwenzake Ferster walitoa kitabu kizima juu ya mambo haya tu.

Basi, yule anayemunyima Simba mara tisa na kumupa mara ya kumi, anafikiri amemunyima. Kumbe amemufundisha kuomba mara kumi! Kesho akimunyima mara kumi na tisa na kumupa ya makumi mbili, atakuwa amemufundisha kuomba mara makumi mbili. Mbwa anayelia mbele ya mlango usiku kucha, mbwa anayeweka miguu juu ya magoti ya wageni, mbwa anayepanda mezani, wote wametoka katika kalasi hii. Hakuna aliyewaambia "fanya hivi". Waliambiwa "hapana, hapana, hapana, haya basi, leo tu". Neno hili "leo tu" limeharibu mbwa wengi kuliko fimbo.

Na fimbo nayo tuiseme. Kuko watu wanaofikiri kama wema ndio unaharibu, na ukali unatengeneza. Si kweli. Tumeona mara nyingi: mbwa amekimbia inje ya parsele, mwenye mbwa anaita, "Kuya hapa! Kuya!", mbwa anarudi, anatikisa mkia, na pale pale anakula fimbo juu ya kukimbia. Mwenye mbwa anasema ameazibu kosa la kukimbia. Lakini mbwa hakuwa anakimbia wakati ule, alikuwa anarudi. Kitu alichofanya mbele ya fimbo ni kutii. Kesho ukiita atakuangalia kwa mbali, na utasema: "Hii mbwa haina masikio." Masikio iko nayo, nayo yamesikia vizuri sana.

Tuje sasa kwa wachungaji wa mbwa, wale wanaobaki wakati mwenye mbwa anaenda. Hapa kwetu desturi inajulikana. Mwalimu au mkubwa fulani wa kazi anaenda konje au misioni, anaachia sentinele mbwa, pamoja na kilo chache za unga na sambaza kidogo, na maneno ya haraka mlangoni. Hasemi mbwa anakula saa ngapi, analala wapi, anakatazwa nini. Anasema tu: "Papa, utamuangalia." Na Papa sentinele anaogopa neno moja: kwamba mwenye mbwa atarudi na kukuta mbwa amekonda, na watu watasema alikula unga wa mbwa. Basi anamupa asubui, anamupa mchana, anamupa na usiku. Akilia, anamupa tena kusudi anyamaze. Na usiku baridi ya Kivu inashuka, mbwa anaingia katika kibanda, wanalala pamoja juu ya gunia moja. Hatumucheki Papa sentinele, hata kidogo. Usiku ni murefu na mbwa ni mwenzake wa kazi. Lakini mwenye mbwa akirudi, mbwa yule anaingia mpaka katika nyumba, anapanda juu ya kiti cha Madamu, na anapata mateke juu ya kitu alichofanya juma nne bila mtu kumukataza.

Kuko mchungaji wa namna ingine. Huyu anataka mbwa awe mkali kusudi mwenye mbwa amusifu. Anamufunga na waya mfupi tangu asubui hata mangaribi. Anamuwekea pilipili katika chakula, maana watu wanasema pilipili inaleta ukali. Pilipili inaleta maumivu ya tumbo tu. Na ile waya inaleta kitu kibaya zaidi: mbwa ambaye hawezi kwenda kunusa mtu wala kumukimbia hana njia ingine ila kubweka na kuuma. Siku waya ikikatika atauma mtu wa karibu, na mtu wa karibu ni mtoto wa parsele. Mwizi yeye anapita kwa ukuta wa nyuma.

Ukali wa namna hii unaanza mapema, wakati mbwa angali mdogo. Waamerika wawili, Scott na Fuller, walilea mbwa wengi kwa kuchunguza tabia zao na kutoa kitabu mwaka 1965. Waliona kama juma la tatu hata karibu juma la kumi na mbili ndio wakati mtoto wa mbwa anajifunza nani ni wa kwao. Wale waliofichwa mbali na watu mpaka juma la kumi na nne walikuwa sawa nyama wa pori. Watu wakikaribia, wanaogopa sana. Kwetu wenye mbwa wanafanya nini? Wananunua mtoto wa mbwa na kumufungia nyuma ya nyumba miezi mitatu, kusudi "asizoee watu". Wamefaulu: hakuzoea watu.

Ao wanafanya kinyume chake, na hii inatugusa zaidi. Wakati Simba alikuwa mdogo, wote walipenda kuvutana naye kitambaa. Anakamata mguu wa pantalo, anakokota, wanafunzi wanacheka, wanapiga mikono. Vizuri sana, alikuwa na kilo mbili. Leo ana kilo karibu makumi mbili na anafanya mchezo ule ule, tena kwa nguvu zote, maana ulimuletea makofi. Mdogo wetu aliyepasuliwa pantalo hakuwa hapa wakati ule. Amelipa deni la wengine.

Neno la luga, tunaomba musicheke. Mwalimu mwenye mbwa anamuambia kwa Kifaransa, "Couché!" Sentinele anamuambia kwa Kiswahili, "Lala!" Mama mpishi anamuambia kwa Mashi, na wanafunzi wa dortware B kwa Lingala. Mbwa anawaangalia wote. Simba hakuandikwa kwa Eksetat, jamani. Muchagulieni luga moja.

Na babu zetu je, hawakuwa na mbwa? Walikuwa nao, na hawakuwaharibu. Mpaka leo katika misitu ya nchi yetu wawindaji wanafunga mbwa wao kengele ya mti shingoni, juu ya mbwa wa kule hawabweki kama hawa wetu. Kengele ndiyo inayoambia mwindaji mbwa iko wapi. Wazungu waliwapenda mbwa wale, wakawapeleka Uingereza katika miaka ya 1930, na leo wanaitwa basenji katika dunia yote. Mbwa wa mwindaji anajua bwana wake, anajua kazi yake, na fungu lake linafuata kazi. Hata hapa karibu, katika Parki ya Virunga, ile iliyoanzishwa mwaka 1925, tangu miaka ya 2010 walinzi wako na mbwa waliofundishwa kufuata harufu ya wale wanaoua nyama kwa siri. Mbwa wale wako na walinzi waliofundishwa pamoja nao. Si kila anayepita anatupa donge.

Juu ya chakula tunapita haraka: mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika kama sindano na kupasua matumbo, chokoleti ni sumu kwa mbwa, nasi chokoleti hatuna, lakini kitunguu nacho ni kibaya kwa damu yake, na kitunguu kiko katika kila mchuzi wa jiko letu.

Tunajua mtu atasema: "Watu wanakosa kula, na hawa wafinalisti wanaharibu stansil na karatasi juu ya imbwa!" Tunamujibu. Mbwa aliyeharibika ni mbwa anayezunguka kutafuta kwa madirisha ya watu, anapigana na mbwa wa njia, anauma na kuumwa. Na kwa njia hiyo kichaa cha mbwa kinaingia. Shirika la Afya la Dunia linakadiri kama watu karibu 59.000 wanakufa kwa kichaa hiki kila mwaka, wengi katika Afrika na Azia, na kwa kila watu kumi wanaoumwa na nyama wanaozaniwa kuwa na kichaa, wane ni watoto wasiofika miaka 15. Tangu Louis Pasteur alipomuchanja mtoto Joseph Meister, mwezi wa saba mwaka 1885, dawa ya kuzuia iko. Lakini dalili zikiisha kuanza, karibu hakuna anayepona. Basi aliyeumwa, hata kidogo, aoshe kidonda na maji mengi na sabuni dakika 15, kiisha aende kwa hospitali siku ile ile. Si kesho, na si kwa mganga wa majani. Mdogo wetu alipata pantalo tu. Mwengine anaweza kupata zaidi, na hakuna komite itakayomusaidia.

Wenye kusema Simba auawe hawajatuambia nani atalinda duka la vitabu na shamba la mihogo usiku. Watasema: "Tutaleta mwengine." Huyo mwengine atafika kwa madirisha yale yale na mikono ile ile. Katika miezi sita tutakuwa na Simba wa pili, na mkutano wa pili.

Kwa hivi mbele ya komite tutaomba mambo machache. Bwana Prefe ataje mtu mmoja, mmoja tu, wa kumupa Simba chakula, kila siku mangaribi, nyuma ya kibanda, mbali na jiko. Karatasi iwekwe ukutani pale kwa sentinele: saa gani, kipimo gani, maneno gani ya kumuambia. Wakati wa konje yule anayebaki asome karatasi ile pamoja na anayeenda, si mlangoni na valizi mkononi. Simba achanjwe, na karte yake ibaki kwa infirmie, maana mpaka leo hakuna aliyetuonyesha karte ile. Waya iondolewe, afungwe na kamba ndefu mchana, afunguliwe usiku. Na komite imupe miezi mitatu. Tukiona hakubadilika hata baada ya watu kubadilika, hapo tutanyamaza na wengine waseme.

Jambo moja halingojei mkutano. Kuanzia juma hii, mwenye kutupa bugali kwa dirisha la refektwari atafagia refektwari siku tatu, mkubwa ao mdogo. Majina ya meza ya nne na meza ya saba tunayo tayari.

Doyen wa wanafunzi, kwa jina la wafinalisti