MWENYE SHERIA HAFICHI USO



Sisi wafanya kazi wa reli tuliozaliwa Embu na Meru twataka kusema neno juu ya vitisho katika siasa. Reli haifiki kwetu. Mtu wa Embu hushuka Sagana, na mtu wa Meru hushuka Nanyuki, kisha hutafuta gari. Lakini hofu haikushuka stesheni. Imefika mpaka majumbani.

Tarehe 21 Desemba 2024, mjini Embu, kijana mmoja alitekwa na watu waliofunika nyuso, wakamtia katika gari wakaenda zao. Kosa lake, kama ilivyosemwa, ni picha aliyoiweka mtandaoni ya kumdhihaki Rais. Polisi walisema hawakuwa naye. Siku 16 jamaa zake hawakuwa na Krismasi wala Mwaka Mpya. Tarehe 6 Januari 2025 akaachiliwa. Hakupelekwa kortini, hakusomewa shitaka, na hakuna aliyesema, "Ni mimi niliyemkamata." Wala hakuwa peke yake. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 82 waliotekwa tangu Juni 2024, na ilipotoa habari hiyo mwishoni mwa Desemba, 29 kati yao walikuwa hawajulikani walipo.

Wako wenzetu wanaosema, "Kijana amekosa adabu, acha afunzwe." Twawajibu hivi: kama amevunja sheria, sheria ipo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 49, yasema mtu akikamatwa aambiwe sababu mara moja, na afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita, au siku ya korti inayofuata. Askari ana namba, hakimu ana jina, shitaka limeandikwa. Kwetu relini dereva haondoi gari-moshi stesheni bila idhini, na ajali ikitokea tunauliza: nani alitoa idhini? Jina lipo kitabuni. Je, roho ya mtu ni nyepesi kuliko behewa la saruji?

Sasa tulitazame genge linavyofanya kazi. Mtu anakuja dukani kwako, anacheka, anasema, "Duka zuri hili, itakuwa hasara likiungua. Tupe kitu kidogo tukulinde." Moto anaotaka kukulinda nao ni wake mwenyewe. Watu wa matatu waliotozwa na Mungiki kila siku wanaujua ulinzi huo. Tena genge halina haja ya kumpiga kila mtu. Humpiga mmoja, mia wakanyamaza. Na likiulizwa, hakuna aliyetuma wala aliyeona.

Ndugu, linganisheni haya na siasa. Mwanasiasa anapowaambia watu, "Mkichagua yule mtaona cha moto," anauza ulinzi kutokana na moto wake mwenyewe. Vijana wanaponunuliwa kwa noti moja na kupewa rungu kwenda kuvunja mkutano, huo ni mpigo wa mmoja wa kunyamazisha mia. Na wakubwa wote wanaposema, "Hatuwajui watu hao," huko ndiko kutotumwa na mtu. Hakuna tofauti ila ya kiti anachokalia anayetuma.

Wafanya kazi wa nchi nyingine wamekwisha kupita njia hii. Huko Sisilia, katika Italia, liko genge liitwalo Mafia (si kile kisiwa cha ndugu zetu wa Tanzania). Tarehe 20 Aprili 1947 watu walipiga kura, na vyama vya wafanya kazi na wakulima vikapata kura nyingi kuliko wengine. Siku 11 baadaye, sikukuu ya wafanya kazi tarehe 1 Mei, wakulima walikutana na watoto wao mahali paitwapo Portella della Ginestra. Genge la Salvatore Giuliano likawapiga risasi kutoka mlimani, wakafa watu 11. Nani hasa aliyelituma, mpaka leo watu wanabishana. Tarehe 10 Machi 1948 kiongozi wa chama cha wafanya kazi wa Corleone, Placido Rizzotto, alitekwa akauawa. Mifupa yake ilitambuliwa mwaka 2012, baada ya miaka 64. Italia ilikuwa na kura na bunge, lakini kura bila usalama ni karatasi tu.

Lakini tusiende mbali, kwa maana wazee wetu waliyaona haya hapa hapa. Tarehe 24 Aprili 1954 Waingereza waliuzingira mji wa Nairobi wakawakamata Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu, na wafanya kazi wengi walipoteza kazi zao. Walipitishwa mbele ya mtu aliyevikwa gunia kichwani, lenye matundu ya macho tu. Watu walimwita gakunia. Akitikisa kichwa, umekwisha kwenda kizuizini, na hukujua kama ni jirani yako au ni mtu unayemdai fedha. Tena Machi 1957, Waafrika walipoanza kuwachagua wajumbe wao, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakupiga kura bila cheti cha kuwa mtiifu kwa serikali. Wameru walipewa vyeti vingi kuliko wengine, na Bernard Mate wa Meru akamshinda Eliud Mathu. Hatumlaumu Mate, twawalaumu waliotoa vyeti. Wala tusifiche ya upande wetu: wako waliolishwa kiapo cha msituni kwa nguvu, na hofu yao ilikuwa hofu vile vile.

Kisha tukapata Uhuru, na mwaka 1988 tukaletewa mlolongo. Katika uchaguzi wa kwanza wa KANU mpiga kura alisimama nyuma ya mtu wake mbele ya macho ya chifu, na aliyepata asilimia 70 alipita bila kupingwa tena. Mwalimu, karani na mfanya kazi wa reli walisimama wakihesabu ni nani anayewatazama. Palepale mlolongo mfupi ulitangazwa kuwa mrefu.

Askofu David Gitari, ambaye dayosisi yake ilishika Embu, Meru na Kirinyaga, aliukemea mlolongo huo mimbarini. Usiku wa tarehe 21 Aprili 1989 kundi la watu lilivamia nyumba yake huko Kirinyaga wakivunja madirisha na milango. Askofu akapanda juu ya paa akapiga kelele. Majirani wakasikia wakatoka, na wale majambazi wakakimbia.

Ndugu, hapo ndipo penye dawa. Gari na bunduki vya genge havitoshi. Linategemea zaidi mlango wa jirani uliofungwa. Mwaka 1989 milango ilifunguliwa. Desemba 2024 vijana wa Embu waliingia barabarani kumdai mwenzao, na jina lake likasemwa nchi nzima. Sisi hatuwezi kuapa kwamba ndiyo sababu akarudi, lakini twajua kwamba wanaonyamaziwa hurudi kwa shida.

Kwa hiyo twaomba kila tawi lifanye haya. Kwanza, mwanachama akitekwa, habari ifike kwa katibu siku ile ile, kwa jina, mahali, saa na namba ya gari, na katibu aende polisi na kortini bila kungoja. Pili, mwanachama asipokee fedha ya kuvunja mkutano wa mtu, hata wa mtu asiyempenda, na asimfiche mtoto wake aliyepokea. Tatu, tuanze nyumbani. Katika uchaguzi wetu wenyewe wa chama tumewahi kuona watu wakitishwa mlangoni na wagombea waliojiita watetezi wa wanyonge. Tulinyamaza, na tulikosa. Chama chenye genge ndani yake hakina kinywa cha kulikemea genge la serikali.

Serikali tunayoitii ni ile inayokuja mchana na karatasi mkononi. Anayekuja amefunika uso, hata akiwa na bastola ya serikali, tutamwuliza swali la relini: nani alitoa idhini? Tutamwuliza sote kwa pamoja, kwa sauti ya kusikiwa mpaka nyumba ya tatu.

UMOJA NI NGUVU.