Stelingi Akifa, Afe kwa Hesabu

Vijiweni kuna sheria moja ya sinema ambayo hata mtoto wa darasa la pili anaijua: stelingi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atatumbukia mtoni, atafungwa kamba na kumwagiwa petroli, lakini mwisho wa picha atasimama. Rogue One, sinema ya mwaka 2016 iliyochipuka pembeni mwa mfululizo wa Star Wars, iliivunja sheria hiyo bila huruma. Mastelingi wote wanakufa. Tangu hapo washabiki wake wanatuimbia kwamba haijatoka Star Wars nzuri kama hii tangu ile ya mwaka 1980, The Empire Strikes Back. Mimi nabisha. Nasema hii ni nusu ya sinema kubwa iliyogundishwa kwenye nusu ya sinema ya hivi hivi, na sisi tunaojifunza kuandika tusipozitenganisha nusu hizo, tutaiga ile mbovu.

Tuanze na haki yake. Sinema ya kwanza ya Star Wars, ya mwaka 1977, inafunguka kwa maandishi yanayotuarifu kuwa wapelelezi wa waasi wameiba ramani za Death Star, silaha kubwa kama mwezi, yenye uwezo wa kuvunja sayari nzima. Basi. Wapelelezi wenyewe hawatajwi hata jina. John Knoll, fundi mkongwe wa picha za kompyuta, ndiye aliyekuja na wazo la kuwasimulia watu hao. Kutokana na maneno machache yale ikatengenezwa sinema ya zaidi ya saa mbili, ikaongozwa na Mwingereza Gareth Edwards, ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1 duniani. Halafu kijana wa kalamu analalamika eti hana cha kuandika! Hadithi yako huenda imelala ndani ya sentensi ambayo mwenzako aliipita mbio.

Wapo wanaosema hadithi ambayo mwisho wake unajulikana haina utamu. Upuuzi. Ebrahim Hussein alipotoa Kinjeketile mwaka 1969, nani hakujua kuwa maji hayakuzuia risasi za Mjerumani? Watu waliisoma, na bado wanaisoma, kwa sababu swali lao halikuwa nani atashinda. Walitaka kumwona mtu aliyenaswa na neno lake mwenyewe. Ndivyo ilivyo Rogue One katika nusu yake njema. Tunajua ramani zitafika. Tunachokaa kusubiri ni kuona nani atalipa, na atalipa nini.

Kuna jambo jingine lililofanywa kwa akili. Kwa miaka karibu 40 watu waliicheka ile ya 1977: wakubwa wa Himaya wanajenga silaha ya kutisha kuliko zote, kisha wanaacha kitundu kinachoweza kuimaliza kwa pigo moja? Rogue One inajibu. Galen Erso, mhandisi aliyelazimishwa kazi baada ya mkewe kuuawa, aliutega udhaifu huo ndani kwa makusudi na kwa siri. Kichekesho cha zamani kikawa kisasi cha mtu aliyevunjiwa nyumba yake. Huo ndio ufundi! Hakufuta kilichoandikwa na mwenzake; alikipa sababu.

Sasa tuje kwenye madeni. Saa nzima ya mwanzo inaturusha kutoka sayari hii hadi ile, majina yakiandikwa kwenye kioo kama kondakta anayetaja vituo. Hujakaa, umeshushwa. Jyn Erso, binti wa mhandisi, aliyechezwa na Felicity Jones, anaanza kama mtu asiyetaka kusikia habari za waasi wala Himaya. Baadaye kidogo anasimama mbele ya wakuu wa waasi na kuwahutubia juu ya matumaini. Kilichombadilisha? Ujumbe wa baba na kifo chake. Sawa, lakini baba huyo tumeonana naye kwa dakika chache, na binti hakupewa nafasi ya kubisha, kusitasita, wala kukosea. Tunaambiwa amebadilika, hatukumwona akibadilika.

Mtazame na rubani Bodhi Rook. Saw Gerrera, anayechezwa na Forest Whitaker, yule yule aliyekuwa Idi Amin katika The Last King of Scotland ya mwaka 2006, anamtupia rubani dude la kumchunguza mawazo. Tunaonywa kwamba anayeguswa nalo hurukwa na akili. Baada ya muda mfupi rubani kaulizwa swali moja, akili ikarudi, na habari ikaishia hapo. Mwandishi aliyetishia kitu namna hiyo kisha asikifanye, msomaji wake hatamwamini mara ya pili.

Na kosa kubwa zaidi ni uoga. Peter Cushing alifariki mwaka 1994. Badala ya kumtafuta mwigizaji mwingine wa kumcheza Gavana Tarkin, walimchukua Guy Henry wakambandika sura ya marehemu kwa kompyuta. Uso unasogea, macho yamelala. Lakini ndani ya sinema hiyo hiyo Mon Mothma, kiongozi wa waasi, aliyechezwa na Caroline Blakiston mwaka 1983, kachezwa na Genevieve O'Reilly. Nani aliyeinuka kudai pesa yake? Hakuna! Mtazamaji anaelewa. Asiyemwamini mtazamaji ndiye anayekwenda kuazima sura za wafu.

Hata hivyo, fikeni Scarif. Hapo sinema inazaliwa upya. Roboti K-2SO anaufunga mlango na kufia nje yake. Chirrut, kipofu, anatembea katikati ya risasi hadi kwenye swichi. Bodhi anapeleka ujumbe kwa meli zilizo juu, kisha bomu linamkuta. Jyn na Cassian wanazirusha ramani, halafu wanasubiri mwanga ufuke mpaka walipo. Kila anayekufa anaacha kitu mikononi mwa aliyebaki. Hakuna kifo cha bure pale.

Washabiki wanaruka viti Darth Vader anapoingia na upanga wake mwekundu. Mimi nasema wanatazama pasipo. Mtazame askari asiye na jina, aliyebanwa nyuma ya mlango uliokwama, anayepenyeza ramani kwenye upenyo ili mwenzake akimbie nazo. Yule ndiye mwenye sinema.

Mwaka 2022 hadi 2025 Tony Gilroy, mmoja wa walioandika Rogue One, alitoa Andor, tamthilia ya vipindi 24 juu ya maisha ya Cassian kabla ya hapo. Wanaotetea sinema watasema hiyo ni heshima. Kwangu ni risiti ya deni. Mwanamume anayemuua mpasha habari wake mwanzoni mwa sinema ili siri isivuje alistahili historia mapema, kabla hatujatakiwa kumlilia.

Ndiyo maana naandika haya kwa ukali. Miswada yetu vijana imejaa maiti. Ukurasa wa mwisho gari linapinduka, mchumba anakunywa sumu, shujaa anakata roho, tunaita "mwisho wa kusikitisha" na kujiona tumekomaa. Kumuua mhusika ni kazi ya sentensi moja. Kazi ni kurasa zile mia zilizotangulia: alipenda nini, alimdanganya nani, alikuwa na deni gani, na kifo chake kinamwachia nani mzigo. Kama huwezi kujibu hayo, mwache stelingi wako aishi.

Anayebisha alete hoja, si matusi. Kurasa zipo.