Mtaro bila haki



Kila tunapozungumza juu ya mazingira, hasimami mtu ila kusema kwamba wakulima wa milima yetu ya Lubero ni wakaidi: hawachimbi mitaro, hawapandi miti, na udongo wao unateremka mtoni kila mvua inyeshapo. Neno hilo nalikataa. Mkulima anajua kuhesabu siku zake za kazi.

Katika miaka ya 1950 serikali ya Wabelgiji iliwalazimisha wazee wetu kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko. Mitaro yenyewe ilifaa, ila ilichimbwa kwa kuogopa faini na jela. Wakati huo tambarare za Ziwa Edward zilikuwa zimekwisha kuingizwa katika Hifadhi ya Albert, iliyoanzishwa mwaka 1925 na kupanuliwa baadaye, ndiyo Virunga ya leo. Watu wakabanwa mlimani, mashamba yakakatwa vipande kwa watoto na wajukuu, kisha wakaambiwa wao ndio waharibifu wa udongo. Uhuru ulipofika, mitaro mingi iliachwa ikafukiwa. Nani awashangae?

Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ilitangaza kwamba ardhi ni mali ya Dola, na kifungu cha 389 kikaahidi kwamba haki za wanaolima kwa desturi zitapangwa kwa amri ya Rais. Miongo ikapita bila amri hiyo.

Sasa mfikirieni mama anayekodi shamba msimu kwa msimu. Wiki mbili za kuchimba mitaro ni wiki mbili asizopalilia maharagi. Mwaka wa kwanza mavuno yaweza hata kupungua, kwa kuwa mtaro hula nafasi na udongo mbaya wa chini hutupwa juu. Faida huja baadaye. Lakini hiyo baadaye si yake: mwenye shamba, akiona udongo umepona, hulirudisha kwake au hupandisha kodi. Na mti? Mpangaji hukatazwa kuupanda, maana apandaye mti huhesabiwa kuwa anadai ardhi. Mwenye mali, naye, hujaza mikaratusi kilima kizima kwa ajili ya mbao na makaa, shamba la jirani likakauka, na bado husifiwa kuwa rafiki wa mazingira. (Sifa hizo nimezisikia hata uani mwa kanisa.)

Mnamo Januari 2025 serikali ilitangaza Ukanda wa Kijani kutoka Kivu hadi Kinshasa, eneo la kilomita za mraba 540,000, pamoja na ahadi ya ajira 500,000 na tani milioni moja za chakula zitakazopelekwa Kinshasa kila mwaka. Chakula hicho kitalimwa na nani, kwenye udongo uliotunzwa na nani, huku vita vikiwafukuza watu mashambani? Mtume Yakobo alikwisha kusema juu ya mshahara wa wavunaji uliozuiliwa (Yak 5:4). Kazi ya kuokoa udongo ni kazi, nayo ina mshahara wake: miaka ya kulivuna shamba lililotengenezwa.

Basi Jumamosi ya salongo, kabla hamjashika majembe, muulizeni mwenye shamba: mpangaji wako atakaa misimu mingapi? Aandike, mbele ya mashahidi wa shirika. Akikataa, yapelekeni majembe yenu kwenye kilima kingine.